Nyuzi za kioo: historia ya maada ya mseto na ya majina yake

0. UTANGULIZI

Wakati mmoja wa kiangazi, kwenye gati dogo la Ziwa Kivu, tuliona boti iliyopinduliwa mchangani. Tumbo lake lilikuwa limegonga jiwe na kupasuka kwa urefu wa mkono. Fundi aliwasha makaa, akaweka kipande cha chuma motoni mpaka kikawa chekundu, kisha akakipitisha juu ya ufa. Tulipomuuliza sababu, alijibu kwa adabu: «Mwalimu, hii ni plastiki. Tukiipasha moto itashikana.»

Haikushikana. Ilitoa moshi mweusi wenye harufu kali, na mahali palipoungua pakabaki nywele nyeupe ambazo moto haukuzila. Baba huyo alizishika kwa vidole, akatikisa kichwa, akaagiza lami. Ufa ulipakwa lami, na asubuhi yake boti iliondoka kwenda Idjwi na abiria wake. Ilifika, na ilirudi. Walakini kila aliyepanda alikuwa amekaa juu ya ufa uliofichwa tu, haukuzibwa.

Fundi huyo hakuwa mjinga. Ndoo ya plastiki, bidoni na beseni huzibwa kweli kwa chuma cha moto, naye alikuwa amezibua na kuziba vingi vya namna hiyo. Alichukua elimu aliyokuwa nayo akaitumia kwa kitu kilichobeba jina lile lile. Kwa hiyo kosa lilianza katika jina kabla ya kufika mkononi.

Makala haya yana shabaha mbili. Ya kwanza ni kusimulia kwa ufupi historia ya maada ambayo Wafaransa huiita kwa jina la nyuzi za kioo, na ambayo leo imo katika boti, matangi, magari, mapaa na mitambo ya umeme. Ya pili ni kuuliza ni jina gani Kiswahili kiipe maada hiyo, ili jina limsaidie fundi badala ya kumpoteza. Hatuwezi kujibu swali la pili bila kupitia la kwanza, kwa kuwa jina jema la kitu cha ufundi hutokana na kujua kitu chenyewe kimefanywaje.

1. KIOO KABLA YA KIWANDA

Kuvuta kioo kiwe uzi si jambo jipya. Mafundi wa Misri ya kale, zaidi ya miaka 3400 iliyopita, walitengeneza vichupa vya marashi kwa kuzungushia kioo cha moto kwenye kiini cha udongo. Kisha wakavizungushia nyuzi za kioo cha rangi nyingine, wakazikwangua kwa ncha ya chombo ili zifanye mawimbi. Uzi wa kioo ulikuwa pambo. Haukubeba mzigo wowote, wala hakuna aliyefikiri kwamba ungeweza kuubeba.

Mwaka 1713, mtaalamu Mfaransa Réaumur aliandika juu ya namna vitu mbalimbali vinavyoweza kuvutwa vikawa vyembamba mno: dhahabu, kioo na utando wa buibui. Alitambua kwamba ugumu wa kioo wa kukataa kupindwa unatokana na unene wake, na kwamba kioo kingevutwa kikawa chembamba kama uzi wa buibui, kingeweza kufumwa kama nguo. Wakati wake hapakuwa na chombo cha kufanyia kazi hiyo, basi wazo likabaki karatasini.

Karibu karne mbili baadaye wazo hilo lilirudi kwa njia ya maonyesho. Huko Marekani, Hermann Hammesfahr alipata hataza mwaka 1880 ya nguo iliyofumwa kwa nyuzi za kioo na hariri pamoja. Mwaka 1893, katika Maonyesho ya Dunia ya Chicago, tajiri wa viwanda vya kioo Edward Drummond Libbey alionyesha gauni la kioo na hariri lililoshonwa kwa ajili ya mwigizaji Georgia Cayvan. Watu walilistaajabia, na binti wa kifalme wa Hispania, Eulalia, akafanyiwa la kwake. Lakini nyuzi zile zilikuwa nene. Gauni lilikuwa zito, na kulikunja ni kulivunja. Réaumur alikuwa amesema kweli: tatizo lilikuwa unene.

2. SWALI LA GRIFFITH

Kabla ya kuendelea na kiwanda, yatupasa kusimama kidogo kwa mwanasayansi mmoja ambaye hakutengeneza boti wala gauni. Mwingereza Alan Arnold Griffith, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, alitoa mwaka 1921 makala juu ya namna vitu vigumu vinavyovunjika. Swali lake lilikuwa hili: hesabu za nguvu zinazofunga chembe za kioo zinaonyesha kwamba kioo kingepaswa kuwa na nguvu kubwa sana, kwa nini basi kinavunjika kwa urahisi namna hii?

Alivuta vijiti na nyuzi za kioo za unene mbalimbali, akapima nguvu inayohitajika kuzikata. Kijiti cha unene wa milimita moja hivi kilikatika kwa mvuto wa megapaskali 170. Uzi wake mwembamba kabisa, wenye unene wa mikromita 3 na kidogo (mikromita ni sehemu moja katika elfu ya milimita), ulistahimili kama megapaskali 3400. Hiyo ni mara 20 ya kijiti, na kioo ni kile kile.

Jibu la Griffith ni kwamba kioo kina vijiufa visivyoonekana kwa macho. Ukikivuta, nguvu yote hukusanyika kwenye ncha ya ufa, nao hukimbia kutoka upande mmoja hadi wa pili mara moja. Katika uzi mwembamba hapana nafasi ya ufa mkubwa. Kwa hiyo udhaifu wa kioo si tabia ya maada yake. Ni matokeo ya nyufa zake. Aliyeelewa hivyo aliweza kuuliza swali la pili: je, tukikusanya nyuzi nyingi nyembamba na kuzifunga pamoja kwa kitu laini zaidi, si tutakuwa na kioo ambacho ufa wa uzi mmoja hauwezi kuvuka kwenda kwa jirani yake?

Swali hilo lina jibu la zamani katika vijiji vyetu. Anayefyatua matofali mabichi huchanganya majani makavu katika udongo. Udongo peke yake hupasuka ukikauka, na majani peke yake hayasimami. Vikiwa pamoja, majani huushika udongo na udongo huyashika majani. Ukuta wa fito na udongo una hekima hiyo hiyo. Wahandisi wa karne ya 20 walibadilisha vitu viwili tu: mahali pa majani wakaweka kioo, na mahali pa udongo wakaweka utomvu.

3. UZI UNAINGIA KIWANDANI

Uzi uliopatikana kwa wingi ulitokana na jaribio lililoharibika. Mwaka 1932, katika kampuni ya Owens-Illinois huko Marekani, kijana mtafiti aitwaye Dale Kleist alikuwa akijaribu kuunganisha vipande viwili vya matofali ya kioo ili visipitishe hewa. Mkondo wa hewa yenye msukumo mkubwa ulipiga kioo kilichoyeyuka, nacho kikatawanyika kikawa nyuzi laini. Mkuu wake, mhandisi Games Slayter, ambaye alikuwa akitafuta njia ya kutengeneza nyuzi za kioo kwa bei ndogo, alitambua mara moja thamani ya kosa lile. Baadaye mvuke ulichukua mahali pa hewa, na sufi ya kioo ikaanza kuuzwa kwa kuchujia hewa na kwa kuzuia joto katika nyumba.

Njia ya pili ilifuata muda si mrefu: kutoa uzi mrefu usiokatika. Kioo kilichoyeyuka hupita katika sinia la platini na rodi lenye matundu mengi madogo; kila tundu hutoa tone, na tone huvutwa na gurudumu linalozunguka kwa kasi mpaka likawa uzi wa unene wa mikromita 5 hadi 25. Unywele wa mtu una kama mikromita 70. Mwaka 1938, Owens-Illinois na kampuni ya kioo ya Corning zilianzisha pamoja kampuni ya Owens-Corning Fiberglas. Msomaji aangalie tahajia: jina hilo la biashara liliandikwa kwa «s» moja. Kutokana nalo, neno la kawaida la Kiingereza lilienea ulimwenguni, na ndilo lililozaa «faiba» ya Waswahili wa pwani. Tutalirudia hapo mbele.

4. UTOMVU: KUTOKA SANDARUSI HADI POLIESTA

Nusu ya pili ya historia hii inatugusa sisi karibu zaidi. Kabla ya viwanda vya kemia, utomvu mgumu wa kutengenezea vanishi ulitoka katika miti, na sehemu kubwa yake ilitoka Afrika. Katika karne ya 19 sandarusi ilichimbwa ardhini katika mrima wa Tanganyika, ikapelekwa Unguja, na wafanyabiashara wa Salem, Marekani, wakainunua kwa ajili ya vanishi ya magari ya farasi na ya samani. Baadaye sandarusi ya Kongo ilichukua nafasi kubwa katika soko la Antwerp. Watu wa Équateur waliitafuta katika misitu yenye mabwawa, wakichoma fimbo zenye ncha katika matope ili kuisikia, miguu yao ikiwa majini mchana kutwa. Wengi waliifanya kazi hiyo ili kulipa kodi ya serikali ya kikoloni.

Aliyefungua njia ya kuimaliza biashara hiyo alizaliwa Ubelgiji. Leo Baekeland, mzaliwa wa Ghent mwaka 1863, alihamia Marekani, na mwaka 1907 akatengeneza kwa fenoli na formaldehidi utomvu wa kwanza uliotokana na kemia peke yake. Aliuita Bakelite. Katika miaka ya 1930, Carleton Ellis na wakemia wengine wa Marekani walitengeneza utomvu wa poliesta ambao, ukichanganywa na stirini na dawa ya kugandisha, huganda bila kuhitaji shinikizo kubwa wala tanuri. Kadiri utomvu wa viwandani ulivyozidi kuwa rahisi, ndivyo sandarusi ilivyozidi kukosa mnunuzi, na baada ya Vita Vikuu vya Pili biashara ya sandarusi ya Kongo ilififia. Hivyo maada tunayoizungumzia si ngeni kwetu kama inavyodhaniwa: utomvu wake ulikuja kuchukua mahali pa utomvu wetu.

Jambo moja la kemia ni lazima lielezwe hapa, kwa kuwa ndilo lililomkosesha fundi wa Kivu. Plastiki ziko za aina mbili. Ya kwanza hufanana na nta: ikipata moto hulainika, ikipoa hugumika, na unaweza kurudia hivyo mara nyingi. Ndoo na bidoni ni za jamaa hii. Ya pili hufanana na yai: likishachemshwa, hakuna moto utakaolirudisha kuwa majimaji. Poliesta ya boti ni ya jamaa hii ya pili. Ukiichoma, haiyeyuki, inaungua tu, na nyuzi za kioo zilizokuwa ndani yake zinabaki uchi.

5. NDOA YA VIWILI NA MATUMIZI YAKE

Nyuzi na utomvu viliunganishwa katika miaka ya vita. Ray Greene, aliyeshirikiana na Owens-Corning, anahesabiwa miongoni mwa watu wa kwanza kutengeneza mashua ndogo kwa maada hii. Jaribio lake la mwaka 1937 lilishindwa kwa kuwa utomvu wa wakati ule ulikuwa mkavu mno, akafanikiwa kwa poliesta mwaka 1942. Jeshi la Marekani nalo lilihitaji vifuniko vya rada katika ndege. Chuma huzuia mawimbi ya redio. Mbao hunyonya maji. Kioo na utomvu viliyapitisha mawimbi na kustahimili upepo. Mwaka 1944 iliruka ndege ya mazoezi ambayo sehemu yake ya nyuma ya kiwiliwili ilikuwa ya nyuzi za kioo na poliesta, pamoja na mti mwepesi wa balsa katikati.

Amani iliporudi, maada iliingia katika maisha ya raia. Mwaka 1950 kiti cha Charles na Ray Eames, kilichofinyangwa kipande kimoja, kilianza kuuzwa. Mwaka 1953 gari la Chevrolet Corvette lilitoka likiwa na bodi nzima ya maada hiyo. Mwaka ule yalitengenezwa magari 300 tu. Miaka miwili baadaye Citroën DS ilipewa paa la nyuzi za kioo ili uzito wa juu upungue na gari lishike barabara vizuri zaidi. Mwaka 1957 wanafunzi wa chuo kikuu cha ufundi cha Stuttgart walirusha ndege isiyo na injini iitwayo Phönix, iliyojengwa kwa nyuzi za kioo. Katika michezo, ufito wa kurukia ulipobadilika kutoka metali kuwa nyuzi za kioo, rekodi ya dunia ilipanda kutoka mita 4,80 mwaka 1960 hadi mita 5,28 mwaka 1964, kwa kuwa ufito huo hupindika kama upinde na kumrudishia mrukaji nguvu yake.

Jeshi la majini la Uingereza lilipokea mwaka 1973 meli HMS Wilton, ya kwanza ya kivita kujengwa kwa maada hii. Kazi yake ilikuwa kutegua mabomu ya baharini yanayolipuka yakihisi chuma. Baada yake Ubelgiji, Ufaransa na Uholanzi zilishirikiana kujenga meli za namna hiyo katika miaka ya 1980.

Lakini mfano unaotufaa zaidi sisi watu wa vyuo unatoka Denmark. Huko Tvind, kundi la shule, walimu na wanafunzi pamoja na wasaidizi wa kujitolea walijenga kinu kikubwa cha upepo chenye mabawa matatu ya nyuzi za kioo, na mduara wake una upana wa mita 54. Kilianza kuzunguka mwaka 1978. Wengi wao hawakuwa wahandisi. Walisoma, wakapima, wakapaka utomvu kwa mikono yao. Leo mabawa ya vinu vya upepo ulimwenguni yanatengenezwa kwa jamaa ya maada ile ile. Karibu na Ziwa Turkana, Kenya, vinu 365 vyenye uwezo wa megawati 310 vilizinduliwa rasmi mwaka 2019.

Kwetu, maada hii imo katika boti nyingi za mwendo wa kasi za maziwa makuu, katika matangi, na katika viwanda ambamo asidi ya salfa hutumika kutoa shaba katika mawe yake. Mahali ambapo asidi hula chuma, bomba na tangi la utomvu na nyuzi za kioo hudumu. Mwanafunzi wa Katanga amepita mara nyingi mbele ya maada hii bila kuambiwa jina lake.

6. SIFA NA KASORO

Tukiuliza nguvu inatoka wapi, jibu liko katika kugawana kazi. Nyuzi hubeba mvuto. Utomvu hushika nyuzi mahali pake, hupitisha mzigo kutoka uzi mmoja hadi mwingine, na huzilinda zisikwaruzane. Ufa ukianza, hufika kwenye uzi ukapinduliwa njia, hauendelei mbele. Ili vitu hivi viwili vishikane barabara, uzi hupakwa dawa za silani, ambazo upande mmoja hushika kioo na upande wa pili hushika utomvu. Bila dawa hiyo, maji hupenya kati yao na kuwatenganisha.

Kioo kinachotumika zaidi kina silika zaidi ya nusu, pamoja na alumini, chokaa na boroni katika hali ya oksidi. Uzito wake ni karibu gramu 2,6 kwa sentimita moja ya ujazo, na mseto wenyewe una gramu 1,5 hadi 2, ambapo chuma cha pua na cha kawaida kina karibu 7,8. Hauoti kutu, haupitishi umeme, hauvutwi na sumaku, na hufinyangwa kwa umbo lolote lenye kalibu. Mwelekeo wa nyuzi ni muhimu: zikilazwa upande mmoja, nguvu ni kubwa upande huo na ndogo upande wa kukata, zikifumwa au kutawanywa kila upande, nguvu hugawanyika.

Kasoro zake zisifichwe. Mseto huu hupindika kirahisi kuliko chuma, kwa hiyo hutakiwa kuongezwa unene au mbavu. Poliesta huungua na kutoa moshi mzito. Boti inayokaa majini miaka mingi inaweza kuvimba malengelenge, maji yanapopenya ngozi ya nje. Stirini ni mvuke unaoumiza macho na kichwa, na dawa ya kugandisha, ikiruka jichoni, inaweza kupofusha. Vumbi la kusugua huwasha ngozi na koo. Kuhusu saratani, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka sufi ya kioo mwaka 1988 katika kundi la vitu vinavyoweza kuwa na hatari; mwaka 2001, baada ya kuchunguza upya, liliiondoa sufi ya kuzuia joto katika kundi hilo, likabakiza humo baadhi ya nyuzi za kazi maalumu. Nyuzi ndefu za boti hazikuwekwa humo. Haifai kuzichanganya na asbesto, lakini kifuniko cha pua, miwani na glovu ni wajibu. Mwisho, kwa kuwa haiyeyuki, maada hii ni ngumu kuitumia upya. Boti kuukuu na mabawa ya vinu vilivyochakaa ni taka inayozidi kuongezeka.

Kutokana na hayo yote, njia ya kuziba boti ya Kivu inaonekana yenyewe. Sehemu iliyovunjika hukatwa na kuondolewa. Kingo zake husuguliwa kwa mteremko mrefu, kiasi cha mara 12 ya unene, ili kiraka kipya kishike eneo kubwa. Pakaushwe kabisa. Kisha hulazwa tabaka za kitambaa cha kioo, kila moja ikiloweshwa utomvu uliochanganywa na dawa ya kugandisha, asilimia 1 hadi 2, na kukandamizwa kwa rola mpaka hewa itoke. Hakuna makaa, hakuna chuma cha moto. Maarifa haya yamo katika vitabu vya Kiingereza na vya Kifaransa, nayo yametoshea katika aya moja ya Kiswahili.

7. SUALA LA JINA

Sasa turudi kwenye lugha. Kifaransa kinaita kitu kizima kwa jina la sehemu yake: husema nyuzi za kioo, na utomvu husahauliwa. Kiingereza kinafanya vivyo hivyo. Kijerumani kina jina refu lenye maana ya plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo. Ni sahihi, lakini watu wamelikata likabaki herufi tatu, GFK. Kwa hiyo kila lugha imekutana na tatizo letu.

Kiswahili chenyewe kimezoea kukipa kitu kizima jina la maada moja. «Bati» ni metali nyeupe laini, lakini mabati ya nyumba zetu ni chuma kilichopakwa zinki. «Risasi» ni metali, ikawa pia kile kinachotoka katika bunduki. «Bilauri» lilitoka katika Kiarabu kwa maana ya kioo safi, likaishia kuwa chombo cha kunywea. Makosa ya namna hiyo hayakumdhuru mtu, kwa sababu hakuna anayeziba bati kwa kufuata maana ya neno.

Kwa maada yetu majina matatu yanashindana. «Plastiki» ndilo tulilolisikia gatini, tumeona linavyopoteza. «Kioo» peke yake nalo lina hatari yake: msikilizaji hufikiri juu ya kitu kinachovunjika kwa kishindo, tena neno hilo hilo ni la kujitazamia. «Faiba» linatumika pwani ya Kenya na Tanzania, ambako husemwa boti ya faiba. Ni fupi, limekwisha kukubaliwa na mafundi, wala halimdanganyi mtu kwa kuwa halina maana ya awali katika Kiswahili. Kasoro yake ni kwamba halifundishi lolote.

Maoni yetu ni haya. Katika mazungumzo na katika karakana, «faiba» ipokewe bila haya. Lugha haimnyang'anyi fundi neno lake. Katika maandishi ya kufundishia tutofautishe vitu vitatu. Uzi wenyewe uitwe «uzi wa kioo», wingi «nyuzi za kioo». Ile pamba ya kuzuia joto iitwe «sufi ya kioo». Neno «sufi» linafaa kwa kuwa Kiswahili hulitumia kwa manyoya ya kondoo na pia kwa pamba ya msufi. Na kitu kizima, uzi pamoja na utomvu, kiitwe «mseto wa kioo».

Tumechagua «mseto» na si «mchanganyiko» kwa sababu. Chumvi na maji ni mchanganyiko. Kimoja kimepotea ndani ya kingine. Katika mseto wa jikoni, wapishi wa pwani hupika mchele na choroko katika chungu kimoja, na mlaji bado anatambua kilichomo. Ndivyo ilivyo hapa: uzi haukuyeyuka katika utomvu, nao utomvu haukuwa kioo. Anayesikia «mseto» huuliza mara moja: mseto wa nini na nini? Swali hilo ndilo ambalo fundi wetu angeuliza kabla ya kuwasha makaa. Neno lina faida nyingine: jamaa zote za maada hii zinaweza kuitwa kwa kanuni moja, mseto wa kaboni, mseto wa katani, na kadhalika, pasipo kubuni neno jipya kila mara.

8. HITIMISHO

Tumeona kwamba uzi wa kioo ulikuwa pambo huko Misri, wazo kwa Réaumur, gauni lisilovalika huko Chicago, hoja ya kisayansi kwa Griffith, na bidhaa baada ya mwaka 1932. Kwamba utomvu wake ulichukua nafasi ya sandarusi iliyochimbwa na babu zetu. Na kwamba vitu viwili hivyo, kila kimoja kikiwa dhaifu kwa namna yake, vilipata nguvu kwa kugawana kazi.

Katika idara zetu kuna mazoea ya kudhani kwamba istilahi ni kazi ya kamusi, na kwamba Kiswahili cha chuo kikuu ni cha ushairi na hadithi tu. Hatupunguzi heshima ya ushairi. Lakini istilahi isiyofika gatini haijafanya kazi yake, na mwanafunzi wa lugha anayekaa siku moja katika karakana, akiandika maneno ya mafundi na maana wanazoyapa, anafanya utafiti wa haki kabisa. Tungependa kuona tasnifu za leseni zikifanywa juu ya maneno ya waunda mashua wa Kivu na Tanganyika, wachomeleaji wa Lubumbashi na mafundi magari wa Kisangani, na matokeo yake yakirudishwa kwa wenyewe katika vijitabu vyepesi.

Tulirudi katika gati lile baada ya miezi michache tukiwa na kipande cha kitambaa cha kioo, mkebe wa utomvu na ukurasa mmoja tuliouandika kwa Kiswahili. Baba yule alikisoma kwa sauti mbele ya vijana wake, akasimama kwenye neno «mseto», akauliza: «Mwalimu, mseto wa nini?» Tukaketi, tukaanza kueleza.